Leza yangu haionekani hewani, nakosea wapi?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi nipo steshenari huku Morogoro, jioni tukishafunga nabaki na dogo mmoja tunachezea pointa ya leza ile ya prezentesheni. Nataka picha ule mstari wa kijani upite kati ya stapla na rundo la rimu kama kwenye muvi lakini kila nikipiga napata kidoti tu ukutani, mstari hamna. Simu yangu ina ile sehemu ya Pro ya kuseti kamera kwa mkono. Shida ni simu au mimi?
Dada wa Steshenari

JIBU: Nzuri dada yangu. Simu yako haina shida na wewe huna shida, hewa ya hapo ndani ndo safi mno. Mwanga wa leza unanyooka, usipogonga kitu njiani hakuna kinachorudi kwenye jicho wala kwenye kamera, kwa hiyo ule mstari wa kwenye muvi ni moshi au vumbi linamulikwa tu. Watu wengi hapo wanakimbilia poda ya mtoto, mimi nakukataza, ikiingia kwenye mashine ya fotokopi bosi wako atanitafuta mimi. Chukua udi, au kipande cha dawa ya mbu ile ya kuviringisha, washa uweke kwenye kisosi mbali na karatasi, funga madirisha zima feni halafu subiri dakika mbili tatu moshi utawanyike, maana ukiwa bado unapanda kama kamba picha inatoka na mabaka. Moshi kidogo sana, ukizidisha ni ukungu mtupu. Na ukimaliza fungua madirisha jamani.

Simu iegemeze kwenye rimu mbili, usiishike. Fokasi iweke kwa mkono kwenye stapla taa zikiwa bado zinawaka, ndo uzime. ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, iwe 100, shata, yaani muda kamera inabaki wazi, sekunde 8 au 10, na taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisitikise. Kitufe cha pointa kibane na kile kibanio cheusi cha karatasi, kinakaa chenyewe na pointa inasimama mezani kama ina miguu, mimi huu ujanja niliupata kwa bahati tu na sijauacha. Gizani utapata mstari lakini stapla itapotea, sasa hapo dogo awashe tochi ya simu yake aifunike na tishu, amulike stapla kwa pembeni sekunde moja tu, azime. Ikitoka nyeupe sana mwambie apunguze hata hiyo sekunde.

Kama moshi ofisini hautakiwi, glasi ya maji na tone moja la maziwa, pitisha leza humo, mstari unaonekana vizuri tu. Na ile CD ya zamani mliyoisahau kwenye droo usiitupe! Ina mistari midogo iliyoachana maikroni 1.6 (maikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu), ukiipiga leza ya kijani mwanga unagawanyika unarudi na vidoti kadhaa, weka moshi hapo kila kidoti kinakuwa na mstari wake.

Ila CD, rula ya chuma, stapla yenyewe, vyote hivyo ni vioo. Mimi niliwahi kulenga stapla inayong'aa, mwanga ukaruka moja kwa moja kwenye kamera ya simu, mpaka leo kila picha ya ile simu ina mstari wa zambarau katikati. Hiyo ni kamera, jicho je? Angalia kwanza mwanga unatua wapi kabla hamjazima taa, meza iwe chini ya usawa wa macho yenu, na kwenye lebo tafuta iliyoandikwa chini ya miliwati 1. Zile za kuwashia kiberiti wanazojisifia mitandaoni achana nazo.

SWALI: Nyekundu na kijani ninunue ipi? Bei zimepishana.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Kijani. Jicho letu linaona kijani vizuri kuliko rangi nyingine zote, yaani miliwati ni zilezile lakini kijani ya nanomita 532 (hicho ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, ndo kinachoamua rangi) inaonekana kali mara nyingi kuliko nyekundu ya 650, kwa hiyo hata kupanga vitu gizani unaona unachofanya. Nyekundu kama unayo tayari usiidharau, ongeza tu sekunde za shata.