Barua kwa mwanangu: Alexander, Hephaestion na nahodha wako wa angani

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unatunga hadithi ya nahodha wa chombo cha anga na naibu wake, wanaume wawili wanaopendana, na unataka kuwajenga juu ya Alexander Mkuu, mfalme wa Makedonia, na mwandani wake Hephaestion. Unaniuliza kama kweli hao walikuwa wapenzi, au mashabiki mnawasingizia marehemu.

Waandishi wa kale waliotuachia habari kuu za Alexander, kama Arrian na Plutarch, hawalitamki wazi. Wanatuachia matendo. Arrian anasimulia kwamba walipofika Troy mwaka 334 KK, Alexander aliweka shada kwenye kaburi la Achilles, shujaa wa vita vya Troy, na Hephaestion akaweka la kwake kwenye kaburi la Patroclus, mwandani wa Achilles. Mwaka uliofuata, baada ya vita vya Issus, mama wa mfalme wa Uajemi alimsujudia Hephaestion akidhani ndiye mshindi. Alexander hakuona vibaya. Alimwambia yule mama kuwa huyo naye ni Alexander. Mimi nikisoma hayo naona mapenzi. Ukiandika historia, sema wazi kwamba hiyo ni tafsiri. Ukitunga hadithi, uko huru.

Wala usione haya kwa kuwaoanisha watu wa kale, maana Wagiriki walitutangulia. Mshairi Homer, aliyesimulia vita vya Troy, hasemi kwamba Achilles na Patroclus walikuwa wapenzi. Mtunzi wa tamthilia Aeschylus, katika karne ya 5 KK, ndiye aliyewaonyesha hivyo jukwaani. Kisha mwanafalsafa Plato, katika kitabu chake Karamu, akamfanya Phaedrus, mmoja wa wasemaji wake, ambishie Aeschylus: Achilles hakuwa mwenye kupenda bali mwenye kupendwa na Patroclus, maana Achilles ndiye aliyekuwa mdogo na mzuri zaidi. Ubishi huo una karibu miaka 2,400, na ni uleule mnaobishana ninyi kuhusu wahusika wenu.

Hata nahodha Kirk na naibu wake Spock, wa tamthilia ya anga ya Star Trek, wana uzi unaorudi kwa Alexander. William Shatner, kabla ya kuwa Kirk, alimwigiza Alexander katika filamu ya majaribio ya televisheni iliyokuja kuonyeshwa mwaka 1968. Mwaka 1974 shabiki mmoja alichapisha hadithi ya mapenzi ya Kirk na Spock bila kuthubutu kuwataja majina. Miaka mitano baadaye yalichapishwa mahojiano ambamo Gene Roddenberry, mtunzi wa Star Trek, alipoulizwa kuhusu kuwafananisha wawili hao na Alexander na Hephaestion, alikubali kwamba upendo mzito umo.

Sasa hadithi yako. Katika kurasa ulizonitumia, naibu anamtazama nahodha tu, sura baada ya sura. Hephaestion hakuwa mtazamaji! Alitangulia na jeshi kwenda kutengeneza daraja la kuvukia Mto Indus, aliongoza wapanda farasi, na mwishoni alikuwa wa pili kwa cheo katika dola nzima. Aligombana na Craterus, jemadari mwenzake, hadi wakachomoleana panga, na Alexander akamkaripia Hephaestion mbele ya watu. Mpe naibu wako kazi, maadui na hasira zake mwenyewe. Mapenzi yatasimama vizuri zaidi juu ya hayo.

Usiiache pia harusi ya Susa, mwaka 324 KK. Alexander alioa binti wa Dario, yule mfalme wa Uajemi, akamwoza Hephaestion dada wa binti huyo, na Arrian anatoa sababu: alitaka watoto wa Hephaestion wawe binamu wa watoto wake. Fikiria wanaume wawili, watawala, wanaotafuta namna ya kuwa ukoo mmoja kwa njia pekee ambayo dunia yao iliwapa. Nahodha wako na naibu wake wangefanya nini katika sayari yenye sheria kama hiyo?

Miezi michache baadaye, katika mji wa Ecbatana, Hephaestion alishikwa na homa. Alexander aliitwa kutoka kwenye michezo, akafika mwenzake amekwisha kufa. Haukupita mwaka, naye akafia Babeli. Patroclus alikufa, Hephaestion alikufa, na Spock naye alikufa katika filamu ya 1982, kabla ya kurudishwa miaka miwili baadaye. Nimechoka kumwona mmoja akizikwa ili tuamini kwamba walipendana. Nakuomba, mwanangu, wako waache wazeeke wote wawili.

Nitumie sura ya harusi ukiimaliza, hata kama bado haijapangika.

Mama yako