Weka chini hiyo ndimu: mabomu ya kuogea hayataki maji

Umeandika kwamba unataka kutengeneza mabomu ya kuogea, yale madonge ya unga yanayochemka na kutoa viputo ukiyatumbukiza kwenye maji ya kuogea. Bekingi soda unayo, asidi ya sitriki, ule unga mweupe mchachu, umeiona ghali, kwa hiyo unataka kukamua ndimu badala yake na kutia maji kidogo ili mchanganyiko ushikane. Kisha ukauliza habari za rangi, manukato na kalibu. Mimi nilipofika kwenye ndimu sikuweza kuendelea kusoma. Ndugu yangu, usifanye hivyo. Mimi nilipita njia hiyohiyo, nikatupa mzigo mzima niliojinyima mengi kuununua.

Nilikuwa natengeneza mabomu 30 ya zawadi. Vikavu vyote nilivichekecha vizuri. Maelekezo niliyoyafuata yalisema tu, "ongeza maji kidogo hadi ushikane." Kidogo kiasi gani? Mwenye maelekezo hakusema. Nikamimina kijiko kimoja cha chakula. Unga ukaanza kufoka palepale, ukavimba na kutoa ule mlio wa soda iliyofunguliwa. Nikaukandamiza kwa viganja nikidhani nimeutuliza. Mikono ikaingia baridi, bakuli nalo likapoa kama limetoka kwenye friji. Sikujua kwamba baridi ile ndiyo iliyokuwa ikiniambia ukweli: bekingi soda na asidi ya sitriki zikikutana ndani ya maji hunyonya joto. Mchemko niliokuwa nawatunzia watu kwenye hodhi la kuogea ulikuwa unaishia viganjani mwangu.

Nikafinyanga hivyohivyo, maana nilikuwa nimeshatumia pesa. Asubuhi nikayakuta yamevimba yamejaa vichunusi, mengine yamepasuka katikati kama mkate uliozidiwa hamira. Manane niliyokuwa nimeyawahisha kwenye mkebe na kufunga kifuniko kwa nguvu, yalikirusha kifuniko usiku kwa kishindo, kwa sababu gesi ya kabonidayoksaidi ilikuwa inajikusanya bila pa kutokea. Nashukuru haikuwa chupa ya kioo. Nikachukua moja lililoonekana zima, nikalitumbukiza kwenye maji ya moto. Likatoa viputo viwili vitatu, kisha likayeyuka kimya kama donge la chumvi. Nilikaa ukingoni mwa hodhi nikaliangalia mpaka likaisha.

Hili ndilo wanaotoa maelekezo hawalisemi, na linaniudhi hadi leo. Maji unayotia hayatumiki yakaisha. Soda na asidi zikishaanza kuungana, zenyewe huzaa maji mengine pamoja na ile gesi. Gramu 250 za bekingi soda zikikutana na gramu 190 za asidi ya sitriki zikamalizana, hutoa zaidi ya gramu 50 za maji, yaani zaidi ya vijiko 3 vya chakula! Tone moja linaamsha kazi, kazi inazaa matone, matone yanaamsha kazi zaidi. Ndiyo maana huwezi kuuzima kwa kuukandamiza. Mtu anayekuambia "maji kidogo tu" huenda anaishi kwenye hewa kavu na mkono wake umeshazoea, lakini anamfundisha mtu wa mara ya kwanza, na hasara si yake.

Ndimu ni mbaya zaidi. Asidi iliyo kwenye juisi yake ni kama asilimia 5 hivi, karibu yote iliyobaki ni maji. Utakuwa umeosha soda yako kwa maji machachu. Nunua ule unga mweupe mchachu, hata kama itabidi utengeneze mabomu 6 badala ya 20. Ukitaka kubana matumizi, acha chumvi ya Epsom (ile chumvi ya magnesiamu ya kuogea), acha maua makavu, fanya mabomu madogo. Asidi usiipunguze. Na akitokea mtu wa kukushauri magadi ya kufulia kwa kuwa ni rahisi, mkatalie: ni makali kuliko bekingi soda, ngozi itawasha na kuungua.

Fanya hivi. Vikombe 2 vya bekingi soda, 1 cha asidi ya sitriki, 1 cha wanga wa mahindi. Bakuli, kijiko na mikono viwe vikavu kabisa. Chekecha, maana donge dogo la soda litabaki donge hadi mwisho. Yeyusha mafuta ya nazi, tia vijiko 2 vya chakula kidogokidogo huku ukisugua kwa vidole kama unapaka unga siagi. Kisha finya ngumi. Ukifungua kiganja, donge libaki na alama za vidole, na ukiligusa kwa kidole livunjike vipande, lisimwagike kama mchanga. Likimwagika, weka spiriti yenye alkoholi asilimia 91 au zaidi kwenye chupa ya kupulizia, puliza mara moja, changanya, finya tena. Spiriti hukauka yenyewe na kuuacha unga bila mchemko mkubwa. Fungua madirisha na uzime jiko kabla, maana inashika moto upesi.

Mabomu ukishayafinyanga, yaache wazi pakavu siku nzima au mbili, usiyafunge kabla hayajakauka. Siku ya mvua ahirisha, unga huu unanyonya unyevu wa hewani. Rangi iwe ya unga, isiwe ya maji, sababu ni ileile. Na umwambie utakayempa kwamba mafuta hufanya hodhi liteleze.

Ukishafinya ngumi ya kwanza, kabla hujajaza kalibu hata moja, niandikie donge limevunjikaje na kama bakuli limepata baridi. Nitakuwa macho.