Kuuza hisa hakuzimi tanuri

Kaka, umeuliza ukiuza hisa zako za saruji, moshi wa kiwanda cha saruji cha Pongwe, hapa Tanga, utapungua? Kwa hilo peke yake, hapana. Ukiuza pale Soko la Hisa la Dar es Salaam, mnunuzi anakulipa wewe. Kiwanda hakipungukiwi hata senti. Tena kwenye saruji zaidi ya nusu ya kaboni hutoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe yakichomwa, si kwenye makaa tu.

Soko hubana kwingine: kampuni inapotafuta mtaji mpya, halafu kwenye mkutano mkuu wa wanahisa. Mwaka 2021 mfuko mdogo wa uwekezaji wa Marekani, Engine No. 1, ukiwa na kama asilimia 0.02 tu ya hisa za kampuni ya mafuta ya ExxonMobil, uliwashawishi wanahisa wakubwa ukapata viti 3 vya bodi. Nguvu ni kura za wanahisa. Ukishauza hisa, kura huna.

Kama unataka pesa yako iende moja kwa moja kwenye mradi, nunua hatifungani ya kijani, yaani mkopo wa miradi ya mazingira, inapotolewa mara ya kwanza. Mfano wa hapa hapa: Tanga UWASA, mamlaka ya maji, walitoa ya shilingi bilioni 53.12 mwaka 2024. Ila hiyo ni ya maji, hailigusi tanuri la Pongwe.