Jibu: Maana ya "advansi, baklaini na posho" katika mkataba wa ziara ya muziki

Ndugu yangu, umetueleza kwamba umekabidhiwa kuongoza ziara ya bendi ya watu tisa itakayopiga Mbarara, Gulu, Arua na kumalizia Bukoba, na kwamba mkataba mlioletewa una sentensi inayokusumbua: "Promota atashughulikia advansi, baklaini na posho." Umeomba ufafanuzi wa maneno hayo pamoja na mengine ambayo msimamizi wa ziara hawezi kufanya kazi bila kuyajua. Nimefanya kazi hii kwa miaka kumi na mmoja, nikitokea Arua, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya nyumbani, na ninakujibu kwa urefu kwa sababu kila neno katika sentensi hiyo limewahi kunitia hasara.

Kila neno la ziara ni ahadi kwamba fulani ataleta kitu fulani, saa fulani, kwa fedha ya mtu fulani. Neno lisiloonyesha nani, lini na kwa fedha ya nani bado si kifungu cha mkataba, hata kama pande zote mbili zimelitia saini.

Advansi ndilo lenye hatari kubwa zaidi kwetu. Karani, mwalimu na fundi wote wanajua kwamba advansi ni fedha inayotolewa kabla ya kazi. Kwa watu wa ziara, hasa waliofundishwa na mafundi wa Ulaya na Marekani, neno hilohilo halihusu fedha: ni kazi ya kuwasiliana na promota na ukumbi, wiki mbili au tatu kabla ya onyesho, na kuthibitisha kitu kimoja kimoja, yaani vipimo vya jukwaa, umeme, spika, mlango wa kupitishia vyombo, chumba cha kubadilishia mavazi, chakula, malazi, vibali na ulinzi. Katika mwaka wangu wa pili nilimwandikia promota wa mji mmoja wa kaskazini nikimwuliza kama advansi imekamilika. Alinijibu kwamba imekamilika na niangalie simu yangu, na kweli nusu ya malipo yetu ilikuwa imeingia. Mimi nikaamini kwamba ukumbi umekwisha kukaguliwa, naye akaamini kwamba amemaliza wajibu wake. Tulipofika tulikuta jukwaa lote likitegemea soketi moja iliyokuwa nyuma ya kaunta, ambako kebo moja ya kuunganishia ililisha mixa (mashine ya kuchanganyia sauti), vikuza sauti vyetu na friji mbili za soda. Kila friji ilipowaka, umeme ulishuka, kinanda kikazima na kuanza upya, na mpigaji wake akasimama akitazama kioo kidogo cha kinanda chake huku wenzake wakiendelea na wimbo bila yeye. Watu walikuwa wamelipa kiingilio kwa onyesho hilo, na mpaka leo sijalisahau.

Tangu siku hiyo nimeyatenganisha mambo hayo mawili. Fedha ninaiita malipo ya awali, na kazi ninaiita uthibitisho wa awali, nami huifanya mwenyewe kwa simu kisha kwa maandishi. Kuhusu umeme sikubali jibu la "umeme upo". Ninauliza jenereta ina kVA ngapi (kipimo cha nguvu yake), nani atanunua mafuta, na kama jukwaa lina laini yake peke yake isiyochangiwa na jiko wala friji.

Baklaini nayo imeleta mzozo mara nyingi. Kwa wanamuziki ni vyombo vikubwa vinavyokaa jukwaani na ambavyo bendi hutegemea kuvikuta: seti ya ngoma za kizungu, vikuza sauti vya besi na gitaa, kinanda na stendi zake. Spika za kusikilizisha hadhira, mixa na maikrofoni si baklaini. Hivyo ni mfumo wa sauti, na mara nyingi hukodiwa kwa mtu mwingine kabisa. Nimewahi kukutana na promota aliyedhani kwamba baklaini ni kitambaa kikubwa cha nyuma ya jukwaa chenye majina ya wadhamini, na alikuwa amekichapisha vizuri sana. Sikumlaumu, kwa kuwa hakuna aliyemwandikia orodha. Andika aina ya kila chombo, idadi yake, na chombo mbadala kinachokubalika ikiwa cha kwanza hakipatikani, kwa kuwa si kila kinachokodishwa Kampala kinapatikana Gulu au Arua.

Orodha hiyo huingia ndani ya kile kinachoitwa raida, yaani nyongeza ya mkataba inayoeleza mahitaji ya msanii. Kuna raida ya ufundi na raida ya ukarimu. Ya pili ni chakula, maji, taulo, vyumba na usafiri, nayo ni rahisi kuelewa. Ya kwanza ndiyo inayoamua kama onyesho litasikika, na nakusihi usiitume bila viambatisho viwili. Kimoja ni mchoro wa jukwaa, unaoonyesha kila mtu anasimama wapi na soketi ya umeme inatakiwa wapi. Cha pili ni orodha ya chaneli, inayotaja kila sauti itakayoingia kwenye mixa na kifaa cha kuinasa. Bendi zetu zenye ala za asili huumia hapa kuliko nyingine. Promota akisoma "ala za asili" huandaa maikrofoni moja katikati, kana kwamba adungu (kinubi cha nyuzi), endingidi (zeze la uzi mmoja) na ngoma ni chombo kimoja. Adungu letu la ukubwa wa kati tunalibandikia kinasa sauti kidogo kwenye ngozi ya kisanduku chake, karibu na mahali nyuzi zinapoanzia, kisha waya wake unaingia kwenye kisanduku cha DI, ambacho hupokea mawimbi dhaifu ya chombo na kuyafanya yafae kusafiri kwenye kebo ndefu hadi kwenye mixa bila kuokota mvumo. Adungu tatu ni chaneli tatu na visanduku vitatu. Usipoyaandika hayo, injinia ataweka maikrofoni mbele ya adungu, ngoma za jirani zitaingia humo, na kila akijaribu kuipandisha sauti yake atapata mlio mkali badala ya nyuzi.

Katika raida hiyohiyo taja kama onyesho ni laivu au ni plebeki, na kama ni mchanganyiko, sema ni nyimbo ngapi za kila aina. Kwa kuwa wasanii wengi wa Uganda huimba juu ya muziki uliorekodiwa, promota anayemzoea mwimbaji mmoja na DJ wake hatatayarisha jukwaa la watu tisa ila akiambiwa waziwazi.

Sasa posho. Kwa Mtanzania, posho ni fedha ya kujikimu kwa siku, na hiyo ndiyo maana ambayo promota wako wa Bukoba ataikusudia. Kwa Mganda, posho ni ugali. Nimesimama kati ya wanamuziki wa Kampala na mwenyeji wetu ng'ambo ya mpaka nikisikiliza pande mbili zikijibizana kwa nia njema kabisa, mwenyeji akisema posho haijatolewa na wanamuziki wakisema wamekula wameshiba. Andika "fedha ya kujikimu kwa kila mtu kwa kila siku", taja kiasi na sarafu, na useme kama siku ya safari na siku ya mapumziko zinahesabiwa. Vilevile eleza kama inatolewa juu ya milo au badala ya milo.

Upande wa mapato, maneno matatu yatakutosha: malipo ya uhakika, mgawo na gharama. Malipo ya uhakika ni kiasi ambacho bendi inapata hata asipoingia mtu. Mgawo ni asilimia ya mapato ya getini baada ya kuondoa gharama, yaani matumizi ya kuandaa onyesho. Chukua mfano wa milioni 6 za uhakika na mgawo wa asilimia 70. Tiketi 700 za shilingi 20,000 zinaleta milioni 14, na gharama ni milioni 5, hivyo zinabaki 9. Mkataba ukisema "milioni 6 au asilimia 70, lolote lililo kubwa", mtapata milioni 6 na laki 3. Ukisema "milioni 6 pamoja na asilimia 70 ya kinachobaki baada ya gharama na malipo ya uhakika", mtapata milioni 8 na laki 1. Gharama zikipanda hadi milioni 6, mkataba wa "au" unawarudisha kwenye milioni 6 zilezile, kwa kuwa asilimia 70 ya 8 ni milioni 5 na laki 6 tu. Kwa hiyo gharama ziorodheshwe na kuwekewa ukomo kabla ya kutia saini, na tiketi za bure ziwe na idadi inayojulikana.

Kufunga hesabu hufanyika usiku uleule, vishina vya tiketi vikiwa mezani, kabla vyombo havijamaliza kupakiwa. Mali bila daftari huisha bila habari. Uliza pia kuhusu kodi ya zuio: hapa Uganda, mlipaji aliyeteuliwa na URA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Uganda, hukata asilimia 6 kwa malipo ya mkazi yanayozidi shilingi milioni moja, na msanii asiye mkazi hukatwa asilimia 15. Dai cheti cha makato hayo, kwa maana bila cheti bendi haiwezi kuyahesabu katika kodi yake ya mwaka.

Maneno ya saa ni mepesi: kupakua, majaribio ya sauti, kufungua milango, kupanda jukwaani, kafyu, kupakia. Kafyu katika kazi hii ni saa ambayo sauti lazima izimwe kwa mujibu wa ukumbi au kibali. Wengi wetu tukilisikia neno hilo tunakumbuka marufuku ya usiku iliyoanza Machi 2020 na kuondolewa Januari 2022, kwa hiyo ninaandika "mwisho wa sauti". Saa zote ziandike kwa namna mbili, kwa mfano 20:00, yaani saa mbili usiku.

Kuhusu rauti, yaani mpangilio wa miji, naomba uubadilishe. Kutoka Arua kwenda Bukoba mtavuka nchi nzima, karibu kilomita 500 hadi Kampala peke yake, kabla ya kuanza upande wa pili. Anzeni Arua, mshuke Gulu, mpumzike siku moja Kampala, kisha Mbarara, na kutoka huko mrudi hadi Masaka na kuingia Tanzania kwa Mutukula. Njia ya kaskazini iulizie hali yake katika uthibitisho wa awali. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, waliokuwa na tarehe za Arua walilazimika kuzungukia Masindi na Paraa. Kwa Mutukula andaa pasipoti, vyeti vya chanjo ya homa ya manjano, Kadi ya Njano ya COMESA kwa bima ya gari, na orodha ya vyombo yenye namba ya kila kimoja, igongwe muhuri na forodha mkitoka ili msidaiwe ushuru wa vyombo vyenu wenyewe mkirudi.

Sentensi yenu ningeiandika upya hivi: "Promota atalipa asilimia 50 ya malipo ya uhakika siku 21 kabla ya onyesho, atathibitisha kwa maandishi mahitaji yote ya raida siku 14 kabla, atakodi kwa gharama yake vyombo vya jukwaani vilivyotajwa katika Kiambatisho A, na atampa kila mmoja wa watu tisa fedha ya kujikimu iliyotajwa katika Kiambatisho B, mbali na milo." Mpelekee kabla hajatuma chochote, na umwombe akurudishie kila ukurasa wa viambatisho ukiwa na saini yake.