Habari za bajeti ya chuo kikuu cha jimbo: uliza haya kabla hujakasirika

Mzozo wa pesa za vyuo vikuu vya umma Marekani huwa na takwimu mbili zisizolingana. Mbunge wa jimbo anataja yake, chuo kinataja yake, gazeti la mji linazichapisha zote bila kuzipatanisha. Mara nyingi hakuna aliyedanganya.

Kwanza, pesa hizo ni za muda gani? Majimbo kadhaa, yakiwamo Wisconsin na Texas, hupitisha bajeti ya miaka miwili kwa mpigo. Mwaka 2015 gavana wa Wisconsin, Scott Walker, alipendekeza kuukata mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo dola milioni 300. Hatimaye zikakatwa milioni 250. Hizo ni za miaka miwili, yaani 125 kwa mwaka. Ukizipima na bajeti ya mwaka mmoja, umelikuza panga maradufu.

Pili, zimepungua kuliko nini? Tuseme chuo kimeomba nyongeza ya milioni 40, kikapewa 10. Rais wa chuo ataomboleza pengo la 30, mbunge atajisifu kwa nyongeza ya 10. Kipimo cha haki ni ruzuku ya jimbo kwa kila mwanafunzi wa muda wote, mfumuko wa bei ukiwa umeondolewa. SHEEO, chama cha wakuu wa elimu ya juu wa majimbo, hutoa takwimu hizo kila mwaka.

Linalochanganya kuliko yote ni pesa zimetoka mfuko upi. Bajeti nzima ya chuo hujumlisha ruzuku ya jimbo, karo, fedha za utafiti kutoka serikali kuu, michango ya wafadhili, mapato ya mabweni na maegesho, na hospitali kama ipo. Katika Chuo Kikuu cha California, chenye hospitali kubwa, ruzuku ya jimbo ni kama sehemu moja ya kumi tu. Kwa hiyo anayesema "wana mabilioni, wakatwe tu" anahesabu na malipo ya wagonjwa. Fedha za utafiti wa saratani haziwezi kumlipa mwalimu wa historia, na bondi (hati za mkopo) zilizojenga bweni hulipwa kwa kodi ya vyumba.

Mshahara wa kocha wa futiboli ya Kimarekani nao hupigiwa kelele. Katika vyuo vikubwa hutoka zaidi kwenye haki za televisheni, tiketi na michango. Kwenye vyuo vidogo ndiko penye kashfa ya kweli, ila haipati kichwa cha habari: ada za lazima za wanafunzi ndizo zinazobeba idara ya michezo. Omba, kwa sheria ya rekodi za umma ya jimbo, ripoti ya fedha ambayo chuo hupeleka kila mwaka NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, usome mistari miwili: ada za wanafunzi, na msaada wa moja kwa moja wa chuo.

Akiba nayo ina mtego. Mwaka 2013 ilipojulikana kuwa mfumo wa Wisconsin una akiba ya dola milioni 648, wabunge walikasirika na karo ikagandishwa isipande. Salio kama hilo ligawanye kwa matumizi ya mwezi ujue lingetosha miezi mingapi, kisha uliza kiasi gani kimeshaahidiwa kazi maalum. Na ukisoma kwamba chuo "kimepata hasara ya uendeshaji", tulia: kwa kanuni za uhasibu wa serikali, ruzuku ya jimbo haihesabiwi kama mapato ya uendeshaji, huandikwa chini ya mstari wa hasara hiyo, hivyo karibu kila chuo cha umma huonyesha hasara hapo.

Usiishie kwenye habari ya siku ya kwanza. Alaska, 2019, gavana Mike Dunleavy alitumia kura ya turufu kufuta dola milioni 130 za chuo kikuu. Julai baraza la chuo likatangaza dharura ya kifedha. Agosti pande zote zikakubaliana kukata milioni 70 kwa miaka mitatu, na dharura ikafutwa.

Ukitaka kujua hali halisi, fungua tovuti ya EMMA, ambako hati za bondi za umma huwekwa bure, utafute jina la chuo. Soma sehemu ya hatari kwa wawekezaji. Kumficha mkopeshaji ukweli ni kosa la kisheria, kwa hiyo lugha ya huko huwa kavu na tarakimu zake hazina siasa.