Kabla hujamsindikiza mchezaji wako Challenger

Misimu mitatu sasa namsindikiza mdogo wangu kwenye mashindano ya Challenger, ile ngazi ya pili ya tenisi ya kulipwa ya wanaume, chini ya ziara kuu ya ATP, chama cha wachezaji wa kulipwa. Nampigia mipira asubuhi, mchana nakaa ukingoni mwa uwanja, usiku tunapiga hesabu ya nauli. Ndugu na wazazi wenye kijana anayeanza kupanda huniuliza afanye mazoezi gani. Mazoezi muulizeni kocha wake. Ninachowaomba ni mjifunze wiki yenyewe inavyokwenda, kwa sababu sisi nafasi nyingi tulizipotezea nje ya uwanja.

Iliyoniuma kuliko zote tuliipoteza msimu wa kwanza. Kwa upande wa mchezaji mmoja mmoja, droo kuu, yaani mashindano yenyewe, huwa na watu 32. Kabla yake kuna mchujo wa watu 24, ambapo ukishinda mechi mbili umeingia, na wanaoingia kwa mlango huo ni 6. Mdogo wangu alishinda ya kwanza. Ya pili alikuwa mbele gemu 4-1 katika seti ya tatu, akafungwa. Alitoka uwanjani hasemi na mtu, taulo kichwani, na mimi kwa kumwonea huruma nikamwambia tufungashe tuondoke usiku uleule. Asubuhi tukiwa kwenye basi akapata ujumbe kutoka kwa mchezaji mwenzake: mmoja wa waliokuwa kwenye droo kuu amejitoa, mgongo umekaza, na nafasi yake amepewa kijana mwingine aliyefungwa mchujo. Kijana huyo alikuwa chini ya mdogo wangu katika viwango vya dunia. Ila yeye alibaki, akaweka sahihi. Mdogo wangu alinionyesha ule ujumbe, akageukia dirishani. Hatukuongea mpaka tulipofika.

Kwa hiyo shikeni hili. Aliyefungwa raundi ya mwisho ya mchujo bado ana mguu mmoja ndani. Mtu akijitoa kwenye droo kuu kabla ya mechi yake ya kwanza, nafasi huenda kwa mmoja wa hao waliofungwa, lakini ni lazima awe amejiandikisha kwa msimamizi siku hiyo kabla ya mechi kuanza, na awe tayari kucheza. Kuweka sahihi halafu kurudi kulala hakusaidii. Raketi ziwe na nyuzi mpya, chupa zijazwe, mwili upashwe kidogo asubuhi na tena mchana, chakula kiwe chepesi. Unaweza kungoja siku mbili mkaondoka mikono mitupu. Gharama ya kulala usiku mmoja zaidi inauma, najua, lakini iwekeni kwenye bajeti tangu mnapotoka nyumbani, msiijadili mtu akiwa ametoka kufungwa.

Jambo la pili ni kuchagua mashindano. Challenger zimepangwa kwa daraja za 50, 75, 100, 125 na 175, na namba hiyo ndiyo pointi za viwango vya dunia anazopata bingwa. Macho hukimbilia namba kubwa. Sisi tulikimbilia, tukazunguka wiki tano mfululizo na kuambulia karibu hakuna kitu, kwani aliyeingia droo kuu moja kwa moja akafungwa raundi ya kwanza hapati pointi hata moja. Wakati huohuo bingwa wa M25, mashindano ya ngazi ya tatu ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, anapata pointi 25, na kufika robo fainali ya Challenger 75 ni pointi 12. Siku hizi tunachanganya: wiki mbili za Challenger, moja ya kushuka M25 ili kijana akumbuke ladha ya kushinda. Wapo makocha wanaoona huko ni kurudi nyuma. Mimi naona mchezaji anayefungwa kila wiki huanza kucheza kama mtu anayesubiri kufungwa, na hilo halitibiki kwa mazoezi.

Tazameni pia kalenda ya wakubwa. Challenger 175 huwekwa sambamba na wiki ya pili ya baadhi ya mashindano ya Masters, yale makubwa ya ziara kuu, ili waliotolewa mapema huko wapate pa kucheza. Mwaka 2023 Andy Murray alifungwa raundi ya kwanza ya Masters ya Madrid, akaenda Aix-en-Provence, Ufaransa, akatwaa ubingwa wa Challenger kwa kumfunga Tommy Paul kwenye fainali. Yaani huko unaweza kukutana na bingwa mara tatu wa Grand Slam, yale mashindano manne makubwa kuliko yote. Kwa kijana wa nafasi ya mia nne na kitu, mimi wiki hiyo naipeleka kwingine.

Maneno ya ukingoni sasa. Tangu 2025 sheria za tenisi zinaruhusu kumpa mchezaji ushauri mechi ikiendelea, na mimi niliitumia ruhusa hiyo vibaya. Kati ya pointi na pointi ana sekunde 25. Anahitaji kupumua, kufuta jasho, kuchagua mpira na kuamua atauanzisha upande gani, halafu mimi nampigia hotuba ya kusimama ndani zaidi na kumsukuma mwenzake upande wa kushoto. Siku moja, akiwa 30-40, pointi moja tu apoteze gemu, na mpira wa kwanza wa kuanzisha umegonga wavu, amebakiwa na wa pili tu, alinitazama na macho yake yakaniomba ninyamaze. Tukakubaliana neno moja tu: "Juu." Maana yake, mpira wa pili wa kuanzisha uupige kwa nguvu na mzunguko, upite juu ya wavu kwa nafasi, usiuguseguse kwa woga. Nimekaa viwanja vingi vya Challenger, na mechi nyingi nilizoona zikigeuka ziligeukia kwenye mpira huo wa pili.

Na akikata tamaa, mwambie habari za Valentin Vacherot, aliyekuwa wa 204 duniani alipopita mchujo wa Shanghai Masters mwaka 2025 na kutwaa ubingwa wote. Mwambie mara moja, usirudie kila wiki.

Msimu uliofuata mdogo wangu alifungwa tena raundi ya mwisho ya mchujo. Nilimpa maji, nikampelekea fundi raketi mbili azifunge nyuzi. Asubuhi tukaweka sahihi, tukakaa karibu na ofisi ya msimamizi mpaka jioni, hakuna jina. Asubuhi ya pili tukaweka tena. Saa nane mchana msimamizi akatoka na karatasi mkononi, akauliza kama yupo. Alikuwa ameshasimama, begi begani.