Unyonyaji uko wapi katika deni lililokopwa kwa hiari?

Umeuliza unyonyaji uko wapi katika madeni ya nchi maskini ikiwa serikali yenyewe ndiyo iliyotia saini mkataba wa mkopo. Tazama kesi ya Zambia. Mwaka 1979 nchi hiyo ilichukua zana za kilimo kwa mkopo kutoka Romania, na baadaye ikashindwa kulipa. Mwaka 1999, wakati serikali hizo mbili zikiendelea kujadiliana namna ya kulimaliza deni hilo, kampuni binafsi ya Donegal International ililinunua kwa takriban dola milioni 3.3 za Marekani, kisha ikaishtaki Zambia mjini London ikidai zaidi ya dola milioni 55. Mwaka 2007 mahakama iliipunguzia madai hayo, lakini bado iliipa takriban dola milioni 15.5. Kampuni hiyo haikuwahi kuwakopesha Wazambia hata senti moja, nayo ilivuna kutoka hazina ya nchi ambayo miaka miwili tu nyuma ilikuwa imesamehewa sehemu kubwa ya madeni yake kwa sababu ya umaskini.

Sikatai kwamba wapo viongozi wanaokopa ovyo, na hao wanastahili kuwajibishwa na wananchi wao. Hata hivyo, kinachoniuma ni kwamba biashara ya namna hii ilikuwa halali kabisa. Uingereza ilitunga sheria ya kuidhibiti mwaka 2010, na sheria hiyo haizigusi kesi zinazofunguliwa New York, ambako sheria zake husimamia mikataba mingi ya hati fungani (hati za mkopo ambazo serikali huwauzia wawekezaji) za nchi mbalimbali.